Nepi ya Fundi Miti

Nyumbani kwetu siku haianzi kwa jogoo, huanza kwa ugomvi. Saa kumi na mbili asubuhi Mama huwa ameshakaa kwenye cherehani barazani, na Baba yuko uani juu ya kigoda akinoa msumeno kwa tupa. Maneno hupita dirishani kati yao kama mpira wa wavu.

"Unakohoa tena," Mama alisema asubuhi ile.

"Nimepaliwa na chai."

"Chai yenyewe hujanywa."

Tupa ikaendelea: krii, krii, krii.

Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vikombe. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Huko wenzangu walinichagua kwa kauli moja kuwa msemaji wa mambo yasiyo na maana, wadhifa nilioushika kwa uadilifu mkubwa. Baba aliponisikia nikitangaza chakula cha jioni kama anayefungua daraja, alinibatiza Mheshimiwa, na jina likanata.

Kazi ya Baba ni kukata matawi. Mti ukiegemea paa la mtu, au ukianza kugombana na nyaya za umeme, anaitwa yeye. Mtaa mzima unamwita Fundi Miti. Chini ya mti huwepo rafiki yake, mzee mnene mwenye kicheko cha ngoma, anayeitwa Nanga kwa sababu kazi yake ni kushika kamba na kutosogea. Miaka kumi na minne Baba alipanda, Nanga akashika. Hata kuzaliwa kwangu kulimkuta Baba juu ya mti, na habari aliletewa na Nanga kwa kupiga kelele kutoka chini.

Mwezi mmoja kabla ya likizo, Baba aliteleza. Kamba aliyojifunga kiunoni ilimshika, kweli, lakini ilimshika kama chatu. Ilipanda hadi kwenye mbavu ikamkaba pumzi mpaka Nanga alipomshusha. Nyumbani alisema ameanguka na baiskeli. Mama aliitazama baiskeli ikiwa haina hata mkwaruzo, kisha akamtazama Baba, na wiki ile chakula kilipakuliwa kimyakimya.

Sasa zahanati ilikuwa imempa kazi kubwa: mkaratusi mkongwe uliokuwa umeinama juu ya paa la wodi ya wazazi.

"Hupandi huo mti na kamba," Mama alisema, akisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Leo tunakwenda dukani."

"Babu yangu alipanda na kamba."

"Na babu yako alikufaje?"

Baba aliweka tupa chini. Tukaenda dukani.

*

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, refu na jembamba, linalonuka rangi na misumari. Mwenye duka alitandaza mikanda minne ya usalama juu ya meza kwa heshima, kama anayetandaza vitambaa vya harusi.

Wa kwanza ulikuwa na godoro mgongoni na mifuko ya kila namna. Bei yake ingetosha kununua pikipiki, tukaupa pole na kuusogeza kando.

Wa pili ulikuwa mshipi mpana wa kiunoni tu, wenye kifungo cha shaba kinachong'aa. Baba aliupenda papo hapo. Alijifunga, akavuta tumbo ndani, akajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Huu ni wa kiume," alisema.

"Huu ni kamba yako ileile iliyovaa suti," Mama alisema. "Ukianguka utakukamata wapi? Tumboni na mbavuni. Vua."

Wa tatu ulikuwa mtumba, mweusi tii, wa bei ya kutupa. Mwenye duka alisema umetumika mara mbili tu, na waliouvaa walikuwa watu wembamba. Mama aliuinua hadi kwenye mwanga wa mlango. Mama ni fundi cherehani. Akiangalia mshono, husoma kama wengine wanavyosoma barua. Alipitisha ukucha kwenye ukanda.

"Huu umetiwa rangi," alisema.

"Bi mkubwa, ni rangi yake ya kiwandani hiyo!"

"Kiwanda gani kinapaka rangi hadi kwenye kibandiko? Tarehe haisomeki. Na uzi wa mshono umekuwa mweusi sawasawa na ukanda. Ukikatika nitauona vipi? Mtu aliyeupaka hakutaka nione."

Mwenye duka aliugundua umuhimu wa kupanga misumari.

Wa nne ulikuwa wa rangi ya chungwa, ile rangi ya kuumiza macho. Ulikuwa na mshipi mpana wa kiunoni na vitanzi viwili vya kupitisha mapaja, pete za chuma mbele na ubavuni, na kibandiko chenye tarehe inayosomeka. Mishono yote ilikuwa ya uzi wa njano.

"Mbona uzi umepingana na kitambaa?" niliuliza. "Ungenishonea sare hivyo ningelia."

"Sare ni ya kupendeza. Huu ni wa kukaguliwa." Mama aliukunja na kuukunjua, akatazama kila mshono. "Asiye na la kuficha hushona kwa uzi unaoonekana. Mume wangu, vaa."

"Nimeshauona, unatosha."

"Nguo hainunuliwi bila kujaribiwa. Vaa, ning'inia hapo kwenye boriti ya dari, tuone unakubana wapi."

Hivyo ndivyo baba yangu mzazi, kilo tisini, mwenye ndevu, alivyoning'inizwa katikati ya duka, miguu ikiwa imetawanyika hewani, mikono haijui iende wapi. Mama alimzunguka akikaza hapa na kulegeza pale. "Pumua. Mbavu zinauma? Mapaja je? Inua mikono." Wateja waliingia. Mmoja alimpita Baba kwa adabu, akaomba kilo mbili za misumari, akatoka akimtazama hadi mlangoni.

"Haubani," Baba alisema kwa sauti ndogo. "Nishusheni."

Mama alilipa kwa pesa alizokuwa akiziweka kwa ajili ya pasi mpya. Sikumsikia akilalamika. Nilipaswa kuliona jambo hilo. Badala yake, mimi Mheshimiwa nilikuwa nimeona jambo jingine, na lilikuwa linanichekesha hadi mbavu zinaniuma mimi.

*

Jioni ile nilikwenda bombani kuchota maji. Nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni, maana msemaji hatembei bila vifaa vyake vya kazi. Ukutani juu ya bomba nilichora mtu mwenye ndevu akining'inia kwenye tawi, amevaa nepi. Chini nikaandika kwa mwandiko wa serikali: NEPI MPYA. SAIZI: KILO TISINI. Kisha nikawasimulia wasichana wawili waliokuwa kwenye foleni, nikaigiza na miguu.

Ndoo yangu ilikuwa haijajaa, neno likawa limefika kwa kinyozi.

Kesho yake Baba alipotoka na mkanda begani, vijana wa kijiwe walimngoja.

"Fundi Miti! Umebadilishwa leo?"

"Umewekewa poda?"

"Mwacheni jamani, mtoto akilia nani atambembeleza?"

Nanga, ambaye kicheko chake hakina breki, alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta, akarudia, "Nepi! Wallahi nepi!" Na Baba akamsikia.

Alirudi nyumbani kabla ya saa nne. Nilikuwa uani nimekaa juu ya ndoo nikimenya viazi.

"Ni nani?" alifoka, akiutupa mkanda chini. "Dukani wa mtaa huu tulikuwa sisi watatu tu. Nje ya hapo nilimsimulia Nanga peke yake! Miaka kumi na minne nimemwachia roho yangu mikononi, leo ananifanya mtoto mchanga mtaa mzima!"

"Umemwuliza?" Mama alisema.

"Nimemwambia asiguse kamba yangu tena. Amekana. Akikana huku anacheka, huko ni kukana?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa, pana kama uwanja. Nilimenya kiazi. Nikakimenya tena, hadi kikawa kidogo kama kokwa, na Baba akaingia ndani akaubamiza mlango.

Nilijiambia hasira zitapoa. Hazikupoa. Siku tatu Baba hakusalimiana na Nanga. Nilimwona Nanga amekaa mlangoni kwake, glavu zake za ngozi zimelala juu ya goti kama mbwa aliyefiwa na mwenyewe, na nikazunguka kwa njia ya nyuma. Nilianza kumkasirikia yeye kwa kucheka, vijana kwa kupayuka, Baba kwa kiburi. Niliwakasirikia watu wote niliowajua isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa na chaki mfukoni.

*

Siku ya kazi ya zahanati Baba aliondoka mapema. Nilikuwa nikifagia chumba chao nilipoona kitu cha rangi ya chungwa nyuma ya mlango. Mkanda ulikuwa umening'inia kwenye msumari. Kamba ya zamani haikuwepo.

Nilitoka barazani nikiwa nimeukumbatia. Mama aliutazama, na gurudumu la cherehani likasimama lenyewe.

"Amekwenda bila huo?"

"Mama..."

"Amekwenda bila huo, na bila Nanga. Atajifunga peke yake juu kule." Alisimama, vipande vya kitambaa vikamwagika. "Kisa neno! Neno moja la mpuuzi mmoja asiye na kazi! Ningemjua..."

"Ni mimi."

Alinigeukia polepole.

"Ni mimi, Mama. Nilichora bombani. Nanga hajui lolote."

Nilingoja kofi. Kofi lingekuwa afadhali. Mama alinitazama kama alivyoutazama ule mkanda mweusi kwenye mwanga wa mlango.

"Siku tatu," alisema, sauti imekuwa nyembamba kwa hasira. "Siku tatu nzima umekula mezani na baba yako. Kimbia. Mwanzo kwa Nanga, halafu zahanati. Na ulichomwambia mama yako hapa, ukakiseme kule mbele ya watu, maana mbele ya watu ndiko ulikokianzisha."

Nilikuwa nimevaa suruali ya michezo ya shule. Nikapitisha miguu kwenye vitanzi, nikakaza kiunoni, kwa sababu nikiukumbatia ungeninasa miguu, na kwa sababu nilijua nitapita kijiweni, na zamu ya kuchekwa ilikuwa yangu. Nikakimbia.

"Nepi hiyo! Nepi inapita!" walipiga mayowe. "Leo imevaliwa na binti!"

"Mimi ndiye niliyeitunga!" niliwafokea bila kusimama. "Na nyinyi mmeinunua bila kujaribu!"

Nanga alikuwa mlangoni kwake. Nilimweleza kwa pumzi tatu. Hakucheka. Sijawahi kuona uso mpana namna ile ukikosa kicheko. Ulikuwa kama nyumba iliyohamwa.

"Siku tatu sijalala, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nikijiuliza labda nililisema usingizini."

"Nisamehe, Baba mdogo. Yuko juu peke yake."

"Msamaha baadaye." Alichukua glavu. Nanga, asiyesogea, alikimbia.

*

Kwenye ua wa zahanati wagonjwa walikuwa kwenye mabenchi, vichwa vyote vimetazama juu. Baba alikuwa amesimama kwenye tawi nene la mkaratusi, juu kupita paa la wodi, kamba kiunoni, fundo limefungwa kwenye shina. Muuguzi mkuu alikuwa akimwita ashuke, naye akimjibu kwa msumeno.

"Baba!"

Alitazama chini. Akaniona nimevaa nini.

"Umekuja kunicheka hadi huku? Vua hiyo takataka! Na huyo mtu aondoke chini ya mti wangu!"

"Hakulisema yeye!"

"Nani, kama si yeye?"

Mabenchi yote yalinigeukia. Kulikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni, na mzee mmoja mwenye bandeji ambaye alikuwa ameacha hata kuugulia. Shuleni niliwahi kuhutubia bwalo zima juu ya haki za maharage, na sikutetemeka.

"Mimi!"

"Sijasikia!"

"Mimi, Baba! Nepi niliitunga mimi! Nilichora bombani! Nikakaa kimya ukamfukuza Nanga! Kama ni hasira, yangu mimi hiyo, shuka uje unipe!"

Msumeno ulinyamaza. Kisha baba yangu, ambaye muuguzi mkuu na akili timamu vilishindwa kumshusha, alianza kushuka. Alishuka kwa hasira tupu, magome yakinyesha, akiniita majina ambayo hayamo katika kamusi ya shule. Alipogusa ardhi alikuja moja kwa moja, mkono umeinuka. Kikohozi kikamkamata. Akajishika mbavu, akainama.

Nanga alisimama kati yetu, hakusogea.

"Mvue mkanda kwanza, uvae," alisema. "Kisha mpige. Ukimpiga akiwa ameuvaa hataumia, ni mkanda mzuri."

Mtu alicheka benchini. Baba hakucheka. Alinivua ule mkanda bila kunitazama usoni, akapitisha miguu yake, akakaza vifungo kana kwamba shingo yangu ndiyo imo ndani. Alirusha kamba juu ya panda kuu, mahali pazima karibu na shina, akaikagua, akaunga ncha moja kwenye pete ya mbele. Kisha akasimama mbele ya Nanga. Nilisikia mkaratusi ukilia kwa upepo.

"Shika kamba," Baba alisema.

"Nimeshika," Nanga alisema.

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba watu wazima wanaweza kuombana radhi kwa maneno matatu.

Alipanda tena. Alikata matawi mawili madogo, yakashushwa taratibu. Akarudi kwenye lile tawi nene alilokuwa amelisimamia mwanzo, akaweka mguu, akaweka wa pili, akanyoosha msumeno.

Tawi halikulia wala kuonya. Liliondoka tu, kama kiti kinachovutwa na mtu mwovu. Lilipasua hewa, likatua uani kwa kishindo kilichotikisa mabenchi, na ndani yake, pale lilipovunjika, tukaona limeoza jeusi kama kahawa.

Kamba ilikazika. Nanga alivutwa hatua moja, akapiga magoti, akashikilia.

Juu, Baba alikuwa amekaa hewani, miguu imetawanyika, mikono haijui iende wapi. Vilevile kama dukani. Msumeno ulikuwa ukibembea kwenye kamba yake pembeni. Wodini mtoto mchanga alianza kulia, na huo ndio mlio pekee uliosikika.

"Mheshimiwa," Baba aliita hatimaye.

"Abee, Baba."

"Mwambie mama yako..." Alipumua mara moja, mara ya pili, akajipapasa mbavu kama anayezihesabu. "Mwambie haubani."

Mabenchi yalilipuka kwa vigelegele. Mimi nilikaa chini kwenye magome nikalia, na sikuongeza maneno yoyote ya kupendeza.

"Na bado nina hasira na wewe!" aliongeza kutoka juu.

*

Jioni Mama aliutandaza mkanda mezani chini ya taa, akaniita niketi. Tuliukagua mshono kwa mshono, yeye akionyesha kwa sindano, mimi nikisema kwa sauti, "Mzima. Mzima. Mzima." Aliniambia usafishwe kwa maji na sabuni tu, usipakwe rangi wala kutiwa dawa ya kung'arisha nguo, na usianikwe juani. Kuanzia siku hiyo ukaguzi ulikuwa kazi yangu kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai. Adhabu nyingine niliianza kesho yake: nilifuta ukuta wa bomba kwa brashi, kisha nikapita nyumba kwa nyumba, hadi kijiweni, nikisema nani alitunga nini na nani alisingiziwa. Kwa kinyozi nilirudia mara mbili, kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma.

Lakini usiku ule mezani Baba hakuwa amesema nami bado. Nanga alikuwa amekaa pembeni yake akinywa chai, glavu zikiwa mfukoni.

"Na mimi sitaachwa nje ya lawama," Baba alisema akiangalia kikombe. "Mtoto ametunga neno, lakini aliyeuacha mkanda nyuma ya mlango ni mtu mwenye ndevu. Nilikuwa radhi nizikwe kuliko nichekwe."

"Umesema kweli," Mama alisema, bila kumpa hata tone la huruma. Kisha akanigeukia mimi. Hasira ilikuwa bado machoni mwake, ila sasa alikuwa ameishika vizuri, kama anavyoshika mkasi.

"Ulimwuliza mama yako dukani, kwa nini uzi wa njano."

"Ndiyo, Mama."

"Utani sikukatazi. Nyumba isiyo na utani ni kaburi. Lakini ulipoona utani umekata uzi kati ya baba yako na rafiki yake, ulifanya nini? Ulipaka rangi nyeusi juu, ukakaa kimya. Kosa likionekana linashughulikiwa siku hiyohiyo. Likifichwa, linangoja mtu apande juu ndipo likatike." Alinisogezea mkanda. "Tofauti ni moja. Mkanda ukikatika mshono unatupwa. Mtoto hatupwi. Mtoto hushonwa upya. Haya, malizia huo upande."

Nikavuta kitanzi cha paja karibu na taa.

"Mzima," nilisema. "Mzima. Mzima."